Escudo ya 1995 haishiki njia: ninunue boksi la stelingi?

SWALI

Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Wete, Pemba, na karibu kila siku nakwenda Chake Chake na kurudi. Nina Suzuki Escudo ya milango mitano, TD01W ya 1995, injini 1600, otomatiki. Tangu masika yalipomalizika gari haishiki njia. Nikifika spidi ya 60 hivi lazima niusahihishe usukani kila dakika, kushoto kidogo, kulia kidogo, hadi nafika mabega yamechoka. Fundi wa kwanza alibadilisha tairodi endi za nje, yaani ncha za fito zinazoyageuza magurudumu, zote mbili, haikusaidia. Wa pili akaikaza skrubu iliyo juu ya boksi la stelingi. Mchezo ulipungua kweli, lakini sasa nikimaliza kona usukani haurudi wenyewe, na gari inayumba kuliko mwanzo. Naambiwa boksi limekufa, nitafute la mtumba. Kabla sijatoa pesa, nieleze: ni boksi kweli?

JIBU

Waalaykum salaam, Maalim. Boksi usinunue. Huenda mwisho tukalikuta kweli limechoka, lakini katika maelezo yako hakuna kinachothibitisha hilo, na yapo mambo mawili yanayonionesha kuwa shida ya leo imewekwa na mikono ya mafundi juu ya shida ya mwanzo. Zimepandana, ndiyo maana kila anayeigusa gari anaona kipande tu.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Mchezo ni pale unapouzungusha usukani na magurudumu hayajaitika. Kuyumba ni pale usukani umeushika umetulia na gari bado inatoka kwenye mstari wake. Kuvuta ni kwenda upande mmoja tu, siku zote. Na kugoma kurudi ni hilo ulilolipata baada ya fundi wa pili. Kila moja lina chanzo chake, na mtu akiyataja yote kwa jina moja la "stelingi mbovu" atauziwa chochote kilicho dukani. Kuvuta kushoto kidogo tu usikuhesabu: sisi tunaendesha kushoto, barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni, basi gari nzima kabisa nayo huteremkia kushoto taratibu.

Sasa ile skrubu. Ndani ya boksi la Escudo yako mna parafujo refu linalozunguka juu ya gololi za chuma. Linasukuma kipande chenye meno, na meno hayo yanaizungusha shafti inayotokea chini ya boksi. Meno yamechongwa makusudi yakutane kwa karibu zaidi pale katikati, gari inapokwenda moja kwa moja, na yaachane kidogo ukikata kona. Skrubu ya juu kazi yake ni kuyasogeza meno yakishalika kwa miaka. Fundi akiikaza ili kuua mchezo unaotoka mahali pengine, meno yanabanana palepale katikati, mahali unapokaa karibu safari nzima. Gari ikitoka kidogo kwenye mstari, magurudumu yanataka kujirudisha yenyewe lakini hayana nguvu ya kuushinda ule mbano. Unasahihisha wewe, unapitiliza, unasahihisha tena. Hiyo ndiyo "inayumba kuliko mwanzo" uliyoiandika. Na ukiiacha hivyo miezi kadhaa, njia za gololi zitachimbika na boksi litakufa kwa haki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuirudisha skrubu. Gari ipandishwe mbele, magurudumu yote mawili yaning'inie, chasisi ikae juu ya stendi. Jeki peke yake isiaminiwe hata kwa dakika moja. Usukani uwe umenyooka. Nati ya kufungia ilegezwe huku skrubu imeshikwa, kisha skrubu irudishwe nyuma robo mzunguko na nati ifungwe. Zungusha usukani pole pole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Pakiwa bado pana mahali panaposhika, rudisha tena kidogo. Mchezo wa mwanzo utarudi, nao usikutishe. Tunautaka urudi, kwa sababu ndio utakaotuonesha ugonjwa ulipo.

Gari ikiwa bado iko juu, fanya hesabu ambayo mafundi wengi hawaifanyi. Bandika kipande cha utepe juu ya usukani, uzungushe mpaka mwisho wa kushoto, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia. Ugawe kwa mbili, urudi kiasi hicho. Hapo ndipo katikati ya boksi. Usukani ukiwa hapo, magurudumu yatazame mbele sawasawa. Yakitazama pembeni, maana yake kuna siku usukani ulikuwa umekaa upande, na mtu badala ya kurekebisha tairodi aliuchomoa akauchomeka upya ili uonekane umenyooka. Macho yanaridhika, lakini boksi linafanya kazi nje ya katikati yake, kwenye meno yaliyolegea, na mchezo unaanza siku hiyo hiyo. Nimewahi kulifungua boksi zima la mteja nikakuta halina kasoro, kwa kuwa sikuihesabu mizunguko kwanza. Ilikuwa siku nzima ya kazi, na yeye aliposimama kunitazama nilishindwa kumwambia alipie nini.

Baada ya hapo shusha gari chini. Ukaguzi ninaouthamini kuliko wote unafanyika gari ikiwa imesimama kwa uzito wake wote ardhini, na unataka watu wawili.

Neno usukani tumelitoa chomboni. Nahodha akishika kana, yaani mpini wa kuuzungushia usukani wa chombo, ikiwa imelegea, mkono unakwenda na chombo kinabaki, na hatabadilisha tanga kwa sababu hiyo. Atatazama pale kana inaposhikana na usukani. Gari yako ina maungio zaidi ya manane ya namna hiyo kati ya viganja vyako na tairi, na kila ungio linaweza kumeza mwendo kidogo. Kazi ni kutafuta mwendo unaishia wapi.

Weka breki ya mkono, gia iwe kwenye P, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Washa injini, kwa sababu stelingi ya pawa ikiwa imezimwa huonesha mchezo usiokuwepo. Kijana wako akae kitini autikise usukani kidogo tu, kiasi cha upana wa vidole vitatu kila upande, bila kusimama, na asiguse kitu kingine. Wewe au fundi atazame kuanzia juu kwenda chini, mkono ukiwa mbali na mikanda na feni. Anza na krosi na kopling, yaani maungio ya shafti inayoteremka kutoka kwa dereva. Halafu gusa shafti inapoingia kwenye boksi kwa kidole kimoja, na mkono wa pitmani unaotoka chini ya boksi kwa kidole kingine. Vidole viwili vikienda pamoja, boksi ni zima na mjadala umekwisha. Kidole cha juu kikitangulia na cha chini kikichelewa, hapo kweli tunalizungumza boksi. Tazama pia boksi lenyewe: likijitikisa kwenye chasisi, bolti zimelegea au chuma kimepasuka, na gari isitembee mpaka pashughulikiwe.

Endelea hadi kwenye rodi ya katikati, ile fito inayosukumwa na mkono wa pitmani, kisha vuka upande wa kushoto, upande wa abiria. Hapo pana mkono mfupi mafundi wanauita aidla. Hauna nguvu yoyote ya kusukuma. Kazi yake ni kuibeba ncha ya pili ya rodi ya katikati iende sambamba na mkono wa pitmani. Ndani yake mna bushi, pete inayozuia chuma kusuguana na chuma, na bushi ikilika rodi inapanda na kushuka badala ya kwenda kushoto na kulia tu. Kwenye Escudo za umbo hili ndipo ninapotazama kabla ya pengine popote. Ishike rodi karibu na aidla, isukume juu, ivute chini kwa nguvu. Ikipanda na kushuka unaiona kwa macho, umepata sehemu kubwa ya ugonjwa wako. Nikitakiwa kubashiri nikiwa huku Unguja bila ya kuiona gari, ningebashiri hapo, kwa sababu tairodi endi mpya hazikubadilisha kitu na mashimo ya baada ya masika hupiga upande wa kushoto kuliko wa kulia.

Tairodi zenyewe zina ncha nne. Wewe umebadilishiwa mbili za nje, za ndani bado ni zile zile. Zigusie kidole wakati usukani unatikiswa, utahisi mgongano mdogo kama wa punje ya mchanga ndani ya ile iliyolika.

Ukienda dukani, sema namba ya chasisi, usiseme "Escudo" tu. Umbo jipya lililoanza mwishoni mwa 1997 linatumia reki, fito moja yenye meno badala ya boksi, halina aidla kabisa, na kitu kikishavuka bahari kutoka Unguja au Kariakoo kukirudisha ni shughuli nyingine. Ile ya zamani ifungwe kwenye mfuko iende kama sampuli. Kuhusu bushi za kuchonga za nailoni, kwenye aidla nimeziona zikidumu kama mchongaji ni makini. Bolijointi, yale maungio ya gololi yanayobeba gurudumu, na tairodi endi za kugongelea au kuchomelea sizikubali, hata kwa wiki moja ya kusubiri boti. Ikichomoka barabarani gurudumu linalala, na hakuna mkono wa dereva utakaolisimamisha.

Kabla hujanunua chochote, tazama tairi, kwa kuwa kuzitazama ni bure. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi. Sheli zetu nyingi hujaza paundi 35 au 40 kwa kila gari inayoingia, nayo Escudo ni nyepesi kwa mbele. Tairi iliyovimba kwa upepo hukanyaga kwa mstari mwembamba wa katikati na gari inakwenda kama inayoelea. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikiandikwa kwa kilopaskali, 180 ni kama paundi 26, na 200 ni kama 29. Tazama na umri: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka, yaani 2315 imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Halafu zihamishe za mbele ziende nyuma, uendeshe siku moja. Tabia ikibadilika, tairi zina neno. Pia msimu wa karafuu, ukipakia magunia nyuma, mbele panapungua uzito na usukani unakuwa mwepesi usio na habari. Usiipime gari siku hiyo. Na usiipime siku kusi linapovuma kwa nguvu, kwa kuwa gari la kimo kirefu kama hili husukumwa ubavuni na upepo hata likiwa zima.

Nataka tukae kidogo kwenye ekseli ya nyuma, kwa sababu sijaona katika barua yako kama kuna aliyeitazama. Watu hudhani kuyumba kunatoka mbele tu. Ekseli ya Escudo yako ni ya kipande kimoja. Imeshikwa na mikono miwili inayotoka mbele, kushoto na kulia, na mkono mmoja wenye umbo la V juu ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ambao kwenye ncha yake una bolijointi. Bushi za mikono hiyo zikifa, au ile bolijointi ya juu ya difu ikilegea, ekseli nzima inageuka kidogo chini ya gari. Magurudumu ya nyuma yanaielekeza gari yenyewe, na wewe mbele unasahihisha kosa ambalo si la usukani.

Ina dalili yake. Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka na tupu, spidi ya kawaida, kanyaga mafuta kisha achia, kanyaga tena, achia. Gari ikisogea upande mmoja ukikanyaga na upande wa pili ukiachia, nenda nyuma. Fundi aweke mtaimbo kati ya mkono na chasisi ausukume: bushi nzima hunyumbuka, iliyokufa hugonga chuma kwa chuma. Na hapo hapo, kwenye mahali mikono inaposhikiwa kwenye chasisi, akwangue kutu kwa bisibisi bila ya kuhurumia rangi. Chumvi ya hewa yetu na tope la masika hukaa kwenye vile vifuko vya chuma, na Escudo za umbo hili hujulikana kuoza hapo. Nimekuta chasisi inayong'aa kwa rangi nyeusi mpya, na bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Ukikuta hivyo, mwanzo wa gharama ni mchomeleaji anayejua chasisi. Aidla itasubiri.

Bolijointi za mbele na beringi za magurudumu hazichukui muda, ila kuna namna ya kuzipima. Springi ya gari hii imekaa juu ya mkono wa chini, kwa hiyo jeki iwekwe chini ya mkono huo, karibu na gurudumu. Ukipandisha kwa chasisi, springi inaibana bolijointi na mchezo unajificha. Likishanyanyuka, tikisa gurudumu ukilishika juu na chini. Likicheza, mtu akanyage breki na utikise tena: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni bolijointi. Ukilishika kushoto na kulia, mchezo huwa wa tairodi. Bolijointi inayocheza kwa kuonekana, gari haitoki.

Kulinganisha magurudumu kunakuja mwisho kabisa, vyote vilivyolika vikishabadilishwa. Ukilinganisha kabla, umelinganisha ubovu, kesho unalipa tena. Lakini kumbuka kwamba wewe ulibadilishiwa tairodi endi na hukuniandikia kama magurudumu yalilinganishwa baadaye. Mizunguko miwili ya nyuzi za tairodi inatosha kuyafungua magurudumu nje kwa mbele, na gari yenye mbele iliyofunguka hairidhiki na njia, inatafuta huku na kule. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume chake. Upande mmoja ukiwa laini na wa pili unakwaruza kama msumeno, hiyo ndiyo ishara.

Kama gereji yenye mashine iko mbali, kipimo cha kwanza chaweza kufanywa kwa chaki na tepu. Sukuma gari mbele kidogo isimame yenyewe, usukani katikati kwa ile hesabu ya mizunguko. Chora alama katikati ya kila tairi ya mbele, upande wa nyuma, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu. Pima umbali kati ya alama mbili. Sukuma gari mpaka alama zile zile zije mbele kwa kimo hicho hicho, pima tena. Umbali wa mbele uwe mdogo kuliko wa nyuma kwa milimita chache tu, au sawa. Ukiwa mkubwa, tumepata jambo. Marekebisho yagawanywe sawa kwa tairodi zote mbili, usukani ubaki katikati bila ya kuchomolewa.

Kuna pembe nyingine, ile inayofanya baiskeli iende ukiwa umeachia mikono: uma wa mbele umelala nyuma kidogo. Gari nayo ina mlalo huo, na ndio unaourudisha usukani baada ya kona. Kwenye Escudo hii haurekebishiki kwa spana. Kama skrubu imelegezwa na usukani bado hautaki kurudi, kuna mkono wa chini uliopinda au bushi yake ya nyuma imekatika, na gari ikifunga breki itaruka upande mmoja. Hilo la breki hukulitaja, kwa hivyo silitegemei sana.

Na mchezo wote hauishi. Vitabu vya magari mengi ya Kijapani vya miaka hiyo vinaruhusu hadi milimita 30 kwenye ukingo wa usukani. Atakayekuahidi sifuri ataigusa skrubu ile ile tena.

Maalim, fanya haya matatu kabla ya Ijumaa: skrubu irudishwe, mizunguko ihesabiwe, na kijana autikise usukani huku unaitazama rodi pale kwenye aidla. Kisha niandikie namba ya mizunguko ya kila upande kutoka pale magurudumu yanapotazama mbele, na kama rodi inapanda na kushuka. Nikishapata hayo mawili nitakwambia kitu gani kiagizwe na boti inayofuata.